Kaboni Ile Ile, Maji Mengine

Katika mitambo ya kuchenjua dhahabu iliyotapakaa kutoka Geita hadi Kahama, mkoani Shinyanga, punje nyeusi za kaboni, ambazo aghalabu hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, hufanya kazi mbili zinazopingana: huinasa dhahabu iliyoyeyuka majini, kisha huiachia inapotakiwa. Kaboni yenyewe ni ile ile katika kazi zote mbili. Kinachobadilishwa ni kimiminika kinachoipitia.

Kimiminika cha kwanza ni maji yenye sayanidi, ambayo kwa msaada wa oksijeni huyeyusha dhahabu iliyomo katika mawe yaliyosagwa, au katika marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya wachimbaji wadogo kuosha na kukamata kwa zebaki. Maji hayo hutiwa chokaa ili kiwango chake cha pH kizidi 10, kwa kuwa kikishuka hadi karibu na 9 sehemu kubwa ya sayanidi hugeuka kuwa gesi inayoua kwa muda mfupi. Anayebania chokaa, basi, anahatarisha uhai wa watu kabla hata ya kupoteza sayanidi yake. Chokaa ina kazi nyingine isiyosemwa sana: dhahabu iliyoshikana na sayanidi hubeba chaji hasi, na kalsiamu inayotoka katika chokaa huambatana nayo, hivyo jozi hiyo hunata kwenye kaboni kwa nguvu kuliko ambavyo ingenata kama kungekuwa na sodiamu peke yake.

Kuitoa dhahabu kwenye kaboni ni kuyageuza mazingira hayo. Njia iliyobuniwa na mtafiti Zadra nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 hupitisha katika kaboni maji yaliyo karibu kuchemka, yenye magadi makali, yaani sodiamu haidroksaidi, ya takriban asilimia 1 pamoja na sayanidi kidogo, na kazi huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Yakiongezwa alkoholi muda hupungua sana, ingawa hatari ya moto huongezeka. Njia ya Afrika Kusini huiloweka kaboni kwanza katika magadi na sayanidi, kisha huisukumia maji safi yenye joto la nyuzi 110 hivi au zaidi, chini ya shinikizo, na dhahabu hutoka kwa saa chache. Usafi wa maji hayo ndio kiini cha jambo, kwa sababu maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi huendelea kuifunga dhahabu ile ile inayotakiwa kutoka.

Uhusiano huo wa kitu kilichotulia na kimiminika kinachopita ndio msingi wa kromatografia, mbinu ya maabara ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika. Tawi lake mojawapo, ambalo mtafiti Andrew Alpert alilipa jina mwaka 1990, hutumia bomba jembamba lililojazwa punje zinazopenda maji, kama silika, na kimiminika chenye asetonitrili nyingi na maji machache. Maji hayo machache hutanda juu ya punje kama utando, na sukari au asidi amino, ambazo huyapenda maji kuliko asetonitrili, hujibanza humo na kuchelewa. Maji yakiongezwa, kemikali hizo hutoka upesi. Chumvi ya amoniamu huongezwa ili kutuliza mivutano ya chaji, na pH huamua kama molekuli itakuwa na chaji au la.

Linalostahili kutafakariwa ni kwamba asetonitrili, ambayo ndani ya bomba hilo huzuia sukari isitoke, ikitiwa kwenye kaboni huharakisha kutoka kwa dhahabu, kama alkoholi inavyofanya. Hakuna kimiminika chenye nguvu kwa asili yake. Nguvu yake hutegemea kinachoshikwa na kinachoshika. Ndiyo maana kaboni iliyokwisha kutolewa dhahabu, na kuoshwa kwa asidi ili kuondoa ukoko wa chokaa, hurudishwa katika maji ya sayanidi na kuanza kunasa tena.