Chakula cha Safari: Tujihadhari Tunapovuka Mpaka

Familia zetu za Same na za milimani siku hizi zinasafiri kuliko zamani. Wapo wanaokwenda hija Namugongo kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Wapo wanaovuka Holili kwenda Taveta kuwaona binti zao walioolewa huko, wapo wanaoteremka hadi Mombasa, na wapo wanaopanda meli kwenda Unguja na Pemba. Sisi wauguzi tunawaaga kwa furaha kama watu wengine. Lakini wengine tunawapokea tena wodini wanaporudi, wamelegea, macho yamezama, na midomo imekauka. Ukiwauliza, jibu ni moja: “Ni maji ya kule.” Je, ni kweli kwamba kosa ni la maji ya kule tu?

Tuanze na kikapu kinachotoka nyumbani kwetu wenyewe. Basi la Nairobi linaondoka alfajiri, kwa hiyo mama anakaanga kuku usiku, saa tatu. Kuku anatiwa angali moto ndani ya ndoo ya plastiki, kifuniko kinakazwa, na juu yake wali. Ndoo inawekwa chini ya kiti. Inafunguliwa Namanga saa saba mchana. Hesabuni wenyewe: ni saa kumi na sita. Chakula kile hakikuwa moto wala hakikuwa baridi, kilikuwa vuguvugu, na hali hiyo ndiyo vijidudu wanayoipenda. Kijidudu kimoja kikipata joto la kufaa kinaweza kugawanyika kuwa viwili kila baada ya dakika 20. Kwa saa moja wanakuwa wanane, na kwa saa saba wamepita milioni mbili. Wala harufu haibadiliki lazima. Chakula kinaweza kunukia vizuri kabisa na bado kikawalaza abiria wa viti vitatu.

Wengine husema, “Tutakipasha moto tukifika.” Hapo yafaa tuelewane vizuri. Moto mkali huua vijidudu wengi, lakini baadhi yao wakishazaliana huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Yupo mmoja anayekaa puani na kwenye vidonda vya vidoleni mwa watu, na mwingine anayeupenda wali. Huyo wa wali ana ganda gumu linalostahimili moto wa kupikia. Wali ukikaa vuguvugu huamka na kuanza kazi. Ndiyo sababu mtu aliyekula kiporo cha wali kilichopashwa moto vizuri anaweza kuanza kutapika kabla ya saa sita kupita.

Na makande je? Hatuwezi kuandika juu ya chakula cha Wapare tukayaruka makande! Wazee wetu walipika sufuria kubwa na kula kesho yake, na wengi hawakudhurika. Lakini kumbukeni walikuwa wapi. Usiku wa mwezi wa Julai kule Chome au Mbaga una baridi kali, na chakula hupoa upesi. Same mjini si hivyo, Mombasa si hivyo, na ndani ya basi lililofungwa madirisha si hivyo hata kidogo. Makande ni mazito, na katikati ya sufuria hukaa na joto muda mrefu. Desturi ya mlimani haiteremki tambarare bila madhara. Tena maharage yenyewe yachemke sawasawa. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu ya asili inayoleta kutapika baada ya saa chache. Huko juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo maharage huhitaji muda mrefu zaidi. Yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya.

Basi tubebe nini? Ndizi mbivu, machungwa na maembe ambayo msafiri atamenya mwenyewe, karanga zilizokaangwa, mkate, chapati kavu zilizoachwa zipoe kabla ya kufungwa. Mayai yachemshwe alfajiri hiyo hiyo, yaachwe na maganda yake, na yaliwe kabla hamjapita Moshi. Kuku na wali tuwaachie waliobaki nyumbani. Tunajua akina mama wengine watanung’unika kwamba safari bila kuku si safari. Na wanung’unike.

Njiani msafiri atahitaji chakula cha moto. Kanuni yetu ni rahisi: kile kilichotoka motoni mbele ya macho yako. Sambusa zilizopangwa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi si sawa na mhindi unaochomwa sasa hivi. Matoke ya Uganda yaliyofunikwa kwa majani ya migomba na kupakuliwa yakifuka moshi ni chakula kizuri. Kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua uiache, hata kama inapendeza. Juisi nayo ina maji ndani yake, na barafu ni maji vile vile. Kuganda hakuui vijidudu wote. Chupa ya maji ya dukani itazamwe kizibo chake kama hakijafunguliwa. Penye shaka maji yachemshwe hadi yatokote vizuri, na kwa wale wanaokaa juu sana milimani yatokote dakika tatu.

Msidhani pia kwamba hoteli kubwa ni kinga. Mwezi Juni 2017, mjini Nairobi, watu wengi waliohudhuria mkutano wa mambo ya afya katika hoteli ya kisasa walipatwa na kipindupindu. Walikuwa watu wa afya wenyewe! Jiko lililofichika nyuma ya vitambaa vyeupe laweza kuwa na mikono michafu kama jiko la kando ya barabara, tena la barabarani angalau unaliona.

Na mikono yetu? Basi linasimama porini, abiria wanashuka “kuchimba dawa,” wanarudi, na mara wanapokezana karanga. Kipande cha sabuni na chupa ndogo ya maji ya kunawa vina thamani kuliko dawa zote tunazotiwa mifukoni na wauza maduka. Mahali penye umati kama Namugongo, ambapo watu hulala, hula na kujisaidia katika eneo moja, sabuni hiyo ndiyo mlinzi wa kwanza.

Wanaokwenda pwani tuna neno lingine kwao. Sisi tumezoea samaki wa Nyumba ya Mungu, ambao kosa lao kubwa ni kuchacha. Bahari ina mambo yake. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Wengine 78 walilazwa. Mwezi Novemba 2021 watu 7 walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Nyama ya kasa mwenye sumu haina alama wala harufu, na kupika hakuiondoi sumu. Basi mgeni akiandaliwa kasa asile kabisa, na mtoto asionje. Samaki anayeitwa bunju, yule anayejivimbisha, naye ana sumu inayoua. Jodari ni samaki mzuri, lakini akikaa juani bila barafu hutengeneza kitu kinachomfanya mlaji awashwe, uso uwe mwekundu na kichwa kigonge ndani ya saa moja tu. Hata huyo hatengenezwi kwa kukaangwa.

Hapa linakuja swali gumu: utamkataliaje mwenyeji wako? Ndugu amekukaribisha, ameweka sinia mbele yako, na kwetu kukataa chakula ni kumuumiza mtu. Tunashauri hivi: omba kile kilicho cha moto. “Mama, naomba ugali na hiyo mboga inayotokota, na chai.” Hakuna mwenyeji atakayeudhika kwa mgeni anayeomba ugali. Kwa kasa na bunju, hata hivyo, kataa waziwazi. Aibu ya dakika moja si kitu.

Tumbo likichafuka licha ya yote haya, kinachoua haraka ni kukauka kwa maji mwilini. Beba pakiti za ORS. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, onja; isizidi chumvi ya machozi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo kila anapohara. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida, na zahanati itampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vidonge vya kufunga tumbo asipewe mtoto kamwe, wala mtu mzima mwenye homa au anayehara damu. Na ile tabia ya kumeza Flajili mbili tatu “kwa kujikinga” tunaomba iachwe, haikingi.

Msingoje mfike nyumbani ikiwa kinyesi kina damu au ni kama maji ya mchele, ikiwa mgonjwa hawezi kubakiza hata maji, mkojo umekatika, au mtoto amelegea na hataki kunyonya. Shukeni penye hospitali iliyo karibu, hata kama ni ugenini na nauli itapotea. Mzee, mama mjamzito na mtoto mdogo wasisubiriwe hata nusu siku.

Jambo la mwisho husahauliwa sana. Magonjwa mengine hayaanzi njiani. Homa ya matumbo huanza mara nyingi wiki moja hadi tatu baada ya kula chakula kilichochafuka, na homa ya ini aina ya A yaweza kungoja hadi wiki saba. Mtu aliyekwenda Namugongo akianza homa mwishoni mwa Juni atadhani ni malaria, atanunua dawa dukani, na siku zitapita. Ukija kwetu, neno la kwanza liwe: “Nilisafiri,” ukitaja ulikokwenda, siku uliyorudi, na nani walikula nawe. Viongozi wa hija nao watunze orodha ya abiria na simu zao kwa miezi miwili baada ya kurudi. Wawili wakiugua, wengine wapigiwe simu siku hiyo hiyo.