Gitaa la Mninga: Ununue, Uagize au Ulitengeneze Tabora?

Kwa shilingi laki tatu unaweza kupata gitaa Kariakoo na kulileta Tabora. Kwa shilingi milioni 17 na nusu unaweza kupanda ndege, ukakaa wiki tatu kwenye karakana ya fundi gitaa mzoefu Ulaya au Marekani, ukarudi na gitaa ulilolitengeneza kwa mikono yako. Kati ya bei hizo mbili kuna njia isiyozoeleka, nayo ndiyo ninayoitetea hapa: gitaa litengenezwe Tabora, kwa mninga wa Tabora, na fundi aletwe badala ya kufuatwa.

Mji huu unastahili kulifikiria jambo hilo. Hapa ndipo zilipoinuka Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz, bendi zilizoifanya Tabora ijulikane kwa magitaa nchi nzima. Ufundi wa mbao nao si mgeni: milango ya kuchonga ipo hata kwenye tembe la Kwihara, alikokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872. Na njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, hadi Ujiji ilikuwa na hesabu yake. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu kilo 30 kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kilichostahili mabega yake kilikuwa kitu chepesi, chenye thamani, kisichopatikana mwisho wa safari. Shanga, vitambaa na nyaya zilipanda bara, pembe za ndovu zikashuka pwani. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayofaa kwa anayetaka gitaa leo.

Bei zilizomo humu ni makadirio ya kupangia bajeti. Dola moja nimeihesabu kwa shilingi 2,500.

Gitaa la kiwandani

Magitaa ya bei ya chini kutoka China huuzwa kati ya shilingi laki moja na nusu na laki tatu. Mwili wake wote kwa kawaida ni plaiwudi. Yanavumilia joto na vumbi, na kwa mtoto anayejifunza kushika kodi (chords) za kwanza yanatosha. Kasoro yake ni sauti isiyokua na nyuzi zinazokaa juu mno ya shingo, zikaumiza vidole.

Ukipanda daraja, tafuta gitaa ambalo uso wake, yaani ubao wa mbele wenye tundu, ni mbao halisi na si plaiwudi. Mfano unaojulikana ni Yamaha FG800, ambalo Marekani huuzwa kwa dola mia mbili na kitu. Ukijumlisha usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida ya muuzaji, jiandae kwa shilingi laki nane hadi milioni moja. Kwa anayetaka kupiga muziki tu, hakuna njia inayoshinda hii kwa bei. Gitaa lako la kwanza la kutengenezwa kwa mkono halitakuwa na bei nafuu kuliko hili, na anayekuahidi hivyo hajapiga hesabu ya saa za kazi.

Seti ya vipande

Yapo makampuni, kama Stewart-MacDonald ya Marekani, yanayouza vipande vyote vya gitaa kwenye boksi moja: mbavu zimeshapindwa, shingo imeshachongwa, wewe unagundisha, unapiga msasa na kupaka vanishi. Panga dola 400 hadi 600, kisha usafiri na kodi. Ikifika Tabora itakuwa imekaribia shilingi milioni mbili.

Seti inakufundisha kuunganisha, lakini haikufundishi kuchagua ubao, kupinda mbavu, wala kujua uso umefikia unene unaostahili. Zaidi ya hapo, unalipia usafiri wa mbao kuja kwenye mkoa wa mbao. Mpagazi wa zamani angeukataa mzigo huo.

Kumfuata fundi ng'ambo

Hapa unanunua elimu. Kuna shule za muda mrefu, kama Roberto-Venn ya Phoenix, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambako kozi huchukua takriban miezi mitano na ada hupita dola 10,000. Njia fupi ni kukaa wiki mbili tatu na fundi mmoja, mwanafunzi peke yako, ukatoka na gitaa lako. Hesabu yake inaweza kwenda hivi: ada pamoja na mbao dola 4,000, tiketi 1,300, viza na bima 200, malazi na chakula 1,500. Jumla ni dola 7,000, sawa na shilingi milioni 17.5.

Faida yake ni kubwa. Seremala wa samani amefundishwa kutafuta uimara. Fundi gitaa anatafuta wepesi unaokaribia kuvunjika lakini hauvunjiki. Uso wa gitaa huachwa na unene wa milimita mbili na nusu hadi tatu, halafu nyuzi za chuma huuvuta kwa nguvu inayofikia kilo 70 hivi. Kinachouzuia usipasuke ni fito nyembamba zilizogundishwa ndani, na kujua ni wapi zipunguzwe kwa patasi ni kazi ya sikio: fundi hugonga ubao kwa kidole, akasikiliza, akaondoa unyoya wa mbao, akagonga tena. Jambo hili halisomeki vizuri kitabuni. Linashikwa ukiwa umesimama ubavuni mwa anayelijua.

Kasoro nayo ni kubwa. Unarudi Tabora peke yako, bila vifaa ulivyovizoea, na mbao ulizofunzwa kuzisikiliza si zile zilizoko Sikonge na Urambo.

Pesa iende wapi, isiende wapi

Wengi wanaoagiza gitaa la gharama hulipia zaidi mgongo na mbavu. Mbao za India za jamii ya mpingo zinaweza kugharimu dola 100 hadi 150 kwa gitaa moja, na za Brazil hufika maelfu. Ushahidi hauungi mkono matumizi hayo. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Hispania aliyeliumba gitaa la kisasa, alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao nzuri lakini mgongo na mbavu za karatasi iliyogundishwa, ili kuonyesha kuwa sauti inatoka mbele. Gitaa hilo limehifadhiwa Barcelona. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu. Wapiga gitaa 52 waliyapiga bila kujua lipi ni lipi, na hawakuona tofauti ya maana kati ya mbao za bei na zile za kawaida.

Kwa mtu wa Tabora hii ni habari njema kupita kiasi. Mninga hausinyai wala kupinda ovyo unapokauka, unachongeka vizuri, na rangi yake ya dhahabu iliyokolea inapendeza bila kupakwa dawa. Mgongo na mbavu za gitaa zima, zikishakamilika, hazifikishi hata kilo moja ya mbao. Vipande wanavyobakiza mafundi wa vitanda na makabati vinaweza kutosha, mradi uchague vile ambavyo, ukivitazama kwenye ncha, mistari ya ukuaji imesimama wima. Ubao wa namna hiyo hautanuki sana kwa upana hewa ikibadilika.

Ubao wa vidole na daraja la nyuzi viwe vya mpingo. Ulaya mpingo ndio unaotumika kutengeneza klarineti na zumari za okestra. Huku mabaki ya wachongaji yanatosha gitaa kadhaa. Kipande cha kupitishia nyuzi kwenye shingo na kile cha juu ya daraja vitoke mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa, maana ndicho wanachotumia mafundi wakubwa. Mbavu hupindwa juu ya bomba la chuma lililopashwa moto, na jiko la mkaa linaifanya kazi hiyo. Badala ya klempu nyingi za kununua, vipande vya tyubu ya baiskeli hufunga mgongo na mbavu barabara hadi gundi ishike.

Kinachopaswa kusafiri ni kichache. Cha kwanza ni uso wa sprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii ya msonobari, dola 40 hadi 80, uzito wa karibu nusu kilo. Misonobari ya hapa nchini, ya mashamba ya Sao Hill, haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa inakua haraka na pete zake ni pana. Inafaa kwa mazoezi, si kwa gitaa la kudumu. Kisha vikazio vya nyuzi, dola 40, waya wa freti, yaani vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole, 12, nyuzi, 10. Ukitengeneza gitaa la nyuzi za nailoni, ambazo mvuto wake ni karibu kilo 40 tu, unaweza kuacha fimbo ya chuma ya ndani ya shingo na kuokoa dola 20 nyingine. Ninashauri la kwanza liwe la nailoni, kwa sababu linasamehe makosa zaidi.

Jumla, pamoja na usafiri, kodi, gundi na vanishi, vifaa vya gitaa moja vitakaribia shilingi 650,000. Katika gundi usibane senti. Gundi nyeupe ya kawaida hulegea gitaa likiachwa kwenye joto la gari lililoegeshwa juani. Tafuta gundi ya njano ya mbao au gundi ya ngozi, ambayo pia humruhusu fundi kulifungua gitaa kwa mvuke miaka ijayo.

Kumleta fundi

Sasa hesabu inayobadilisha kila kitu. Chukua watu sita: maseremala wawili, wapiga gitaa watatu, mwalimu mmoja wa muziki. Wamwalike fundi mmoja mzoefu kwa wiki tatu. Ujira wake dola 3,000, tiketi 1,300, viza na vibali 500, malazi na chakula 700. Ni dola 5,500, au shilingi milioni 13.75. Kila mmoja anatoa takriban milioni 2.3, anaongeza 650,000 ya vifaa, na anafika karibu milioni tatu.

Kwa kundi zima ni shilingi milioni 17.65. Linganisha na milioni 17.5 za mtu mmoja aliyekwenda ng'ambo. Gharama ni karibu ileile. Matokeo ni magitaa sita badala ya moja, na mikono kumi na miwili inayobaki hapa ikijua kazi. Gitaa likipata ufa Nzega, mwenyewe halipeleki Dar es Salaam. Meza na zana zinaweza kutoka karakana ya seremala mmojawapo, au kundi likaiomba VETA au SIDO iwape nafasi.

Si lazima fundi huyo atoke mbali sana. Kinshasa, Misoko Nzalayala, anayejulikana kama Socklo, ametengeneza magitaa kwa mkono kwa miongo kadhaa akiwatumikia wanamuziki wa rumba, katika mazingira ya kukosa vipuri ambayo fundi wa Ulaya hayajui. Fundi wa aina yake hatashangazwa na jiko la mkaa.

Msimu na sheria

Gitaa linataka kuunganishwa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Likigundishwa kwenye unyevu wa pwani kisha likaletwa Tabora wakati wa kiangazi, mbao hunywea na uso hupasuka. Likitengenezwa mahali pakavu kisha likapelekwa pwani, hutanuka na nyuzi hupanda kidogo, tatizo linalorekebishika. Hapo Tabora inaishinda Dar es Salaam. Kazi ya kugundisha ipangwe kati ya Juni na Oktoba, na kipima unyevu cha dola 10 hadi 15 kisikosekane ukutani.

Kuhusu mbao, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na TFS, wakala wa serikali wa misitu, hata kwa kipande kidogo. Miti hii imeumizwa vya kutosha. Mpingo na jamii yake umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017, ingawa vyombo vya muziki vilivyokamilika vya jamii hiyo viliondolewa sharti la kibali mwaka 2019. Mkurungu, ndugu wa mninga, uliingia kwenye orodha hiyo baada ya kuvunwa kwa fujo kwa ajili ya soko la China, na mwaka 2022 zikaongezwa jamii zote za mninga za Afrika. Ubao unaogeuka gitaa huzaa thamani kubwa kuliko ubao uleule ukisafirishwa kama gogo, na hiyo ni hoja ya kuutumia kidogo na vizuri.

Uamuzi wangu

Kama unataka kupiga tu, nunua la kiwandani lenye uso wa mbao halisi, kisha mpe fundi ashushe nyuzi. Kama unapenda kujaribu na muda wako ni mchache, nunua seti, lakini ujue unalipia usafiri wa mbao. Kama una mfadhili na unakusudia kuishi kwa kazi hii, nenda shule ng'ambo, na uweke ahadi ya kurudi kufundisha.

Kama uko Tabora, Kigoma au Kahama na una wenzako watano, unganeni. Mvua zikikatika, pasueni mninga vibamba vya milimita nne, vipangeni kivulini mkivitenganisha kwa vijiti, andikeni tarehe na uzito wa kila kimoja, na mvipime kila mwezi hadi uzito ukome kushuka. Huku vikikauka, changeni fedha na mwandikieni fundi. Kiangazi kinachofuata mbao zitakuwa tayari, na yeye atakuta kundi lenye kazi mkononi.