Kumbukumbu Huchaguliwa Katika Utulivu

Ndugu zetu wazazi, mbona mtoto husahau somo la asubuhi, akakumbuka ugomvi wa jioni? Ubongo hauhifadhi yote, huchagua.

Ndani yake mna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Mwaka 1994, Wilson na McNaughton walionyesha kwamba panya akilala, seli za sehemu hiyo zilizoamka pamoja alipokuwa macho huelekea kuamka pamoja tena. Mwaka 2024, maabara ya György Buzsáki katika Chuo Kikuu cha New York ikaeleza uteuzi wenyewe. Panya alipofika mwisho wa njia, akapata zawadi yake tamu na kutulia, seli hizo ziliamka pamoja ghafla, mfano wa wimbi dogo. Safari zilizofuatwa na mawimbi mengi ndizo zilizorudiwa usingizini, zilizoyakosa hazikurudiwa. Alama hutiwa katika kituo. Usingizi hufuata alama.

Panya si mwana wetu, lakini tuna la kujiuliza. Mtoto atokapo chuoni, twampa nafasi ya kutulia, au twamtia simu mkononi papo hapo? Tumpongeze, tumwache apumue, kisha alale mapema. Nasi walimu tusirukie aya ya pili kabla ya ile ya kwanza kutua.

Wallahu a'lam.