Je, Wajua? Nasaba ya Wazigua Iliyohifadhiwa Midomoni

Kule Uskoti, ambako tangu mwaka 1855 sheria ililazimisha vizazi, ndoa na vifo kuandikishwa serikalini, mtafuta nasaba hufungua daftari, na siku hizi hulisoma hata kwenye intaneti. Lakini Wazigua ambao wazee wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19, wakasafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia na baadaye wakakaa katika bonde la mto Juba, hawakuwa na daftari la namna hiyo. Nyaraka zao zilikuwa lugha ya Kizigua, iliyoendelea kusemwa huko kwa zaidi ya miaka mia moja, pamoja na koo za upande wa mama, yaani zile ambazo mtoto huhesabiwa kwa mamaye. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walikimbilia Handeni, Tanzania, wakakaa Mkuyu na, kuanzia mwaka 2003, Chogo, katika nchi ya mababu zao. Maandishi ya kale ya sehemu hizo, kama Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, inayohusu ukoo uliotawala Usambara, ni hazina adhimu, ila hufuata zaidi nasaba za watawala, akiwemo Semboja wa Mazinde, Korogwe.