Soko Linalouza Nanosekunde

Ukumbi wa Soko la Hisa la New York tunaouona kwenye televisheni, wenye kengele na madalali waliovaa makoti, sasa unafaa zaidi kwa kamera. Mashine zinazokutanisha wanunuzi na wauzaji ziko Mahwah, New Jersey, ndani ya kituo cha data, na makampuni ya biashara hukodi kabati za seva humo humo ili yawe jirani nazo.

Ujirani huo una hesabu yake. Mwanga ndani ya faiba hutembea takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani mita moja huchukua nanosekunde tano. Ni kitu cha kuchekesha, mpaka ukumbuke kwamba bei zikilingana, agizo lililotangulia ndilo linalohudumiwa kwanza. Kwa hiyo wapangaji hupewa kebo za urefu mmoja. Aliye karibu na mashine hupata ndefu sawa na ya aliye mwisho wa ukumbi, na ziada yake inazungushwa na kufungwa.

Swichi nazo si zile za ofisini. Swichi ya kawaida hupokea pakiti nzima, huikagua, ndipo huituma. Kwa pakiti ya baiti 1,500 kwenye waya wa gigabiti 10, kungoja huko hula mikrosekunde 1.2, sawa na kuongeza mita 240 za kebo. Za huku husoma anwani ya mbele tu na kuanza kusukuma huku mkia bado unaingia. Pakiti ikiwa mbovu, inapita na ubovu wake. Wahandisi wamekubali hasara hiyo.

Hata anwani zinabanwa. Sabneti ya /24, yaani kundi la anwani za mtandao, hubeba mashine 254, na tangazo la mmoja huwafikia wote. Kiungo cha vifaa viwili hupewa /31: anwani mbili, hakuna jirani wa kupiga kelele.

Halafu likaja IEX, lililoidhinishwa kuwa soko kamili mwaka 2016, likakunja kilomita 61 za faiba ndani ya sanduku ili kila agizo lichelewe kwa makusudi. Mikrosekunde 350 zinalitosha kurekebisha bei zake kabla wenye mbio hawajazivamia. Mimi naona walifanya la maana. Soko la New York lililalamika sana, kisha mwaka 2017 likaweka ucheleweshaji wa mikrosekunde 350 kwenye tawi lake la NYSE American. Likauondoa mwaka 2019.