Kihenge cha mkulima si ghala la mlanguzi

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Huku Dodoma na nyanda za kati mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, takriban Desemba hadi Aprili. Mtama na uwele wa msimu huo ndio huwavusha watu hadi mavuno mengine. Kwa hiyo kuweka akiba si uchoyo, bali ni uhai. Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri kuhifadhi nafaka, na imepokewa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka.

Basi kilichoharamishwa ni kipi? Ni ihtikari. Wanazuoni wa Kishafii wameieleza kuwa ni kununua chakula wakati wa uhaba na kukizuia ili kiuzwe kwa bei ya juu zaidi. Aliyevuna shambani mwake hamo. Imamu Abu Yusuf aliingiza kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu. Hapo sabuni na sukari nazo zimo. Katika Hadithi iliyomo kwenye Sahihi Muslim, mfichaji amehesabiwa kuwa mkosaji.

Sisi tuliokuwa watoto wa madrasa mwaka 1983 tunakumbuka foleni za sabuni na sukari. Vita vya Kagera vya 1978-1979 na upungufu wa fedha za kigeni vilikuwa vimeikausha nchi, na walanguzi wakazidisha dhiki. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine akaongoza msako, na sheria maalumu ya uhujumu uchumi ikatungwa mwaka huo huo. Wapo waliotupa mali usiku, maporini na mitoni, wasikamatwe nayo. Maduka yalianza kujaa baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni.

Tuzingatie hapa. Khofu ya askari iliitoa bidhaa ghalani ikaipeleka porini. Khofu ya Allah ingeipeleka jikoni kwa maskini.

Wala tusimlaumu muuzaji peke yake. Mapema mwaka 2024 sukari iliadimika, baada ya mvua nyingi kuvuruga uvunaji wa miwa. Katika siku kama hizo, mwenye uwezo akisikia tetesi hubeba mfuko mzima, na mjane anayenunua robo kilo hukuta rafu tupu. Mnunuzi huyo hakukusudia faida, lakini madhara aliyoyaleta ni yale yale.

Ndugu zetu, uhaba unapoingia, anunuaye na anunue kadiri ya desturi yake, na auzaye awapimie wengi kidogo kidogo kwa bei ya haki. Kabla ya kufunga mlango wa stoo, kila mmoja ajiulize: hiki nilichokiweka ni riziki ya watoto wangu, au ni njaa ya watoto wa jirani?

Wabillahi taufiq.