Namba za uthibitisho: Kifurushi kidogo, dhamana kubwa

Moto ulioteketeza Soko la Mchikichini, maarufu kwa jina la Karume, jijini Dar es Salaam Januari 2022, miezi sita baada ya ule wa Soko Kuu la Kariakoo, ulikumbusha hatari ya kutunza hesabu zote za biashara kibandani. Kumbukumbu zilizohifadhiwa mtandaoni haziungui pamoja na kibanda. Hata hivyo, nazo huweza kuibwa na yeyote aliyelipata neno la siri la mwenyewe.

Ndiyo maana mifumo mingi hudai pia namba ya uthibitisho yenye tarakimu sita, inayobadilika kila baada ya sekunde 30. Namba hiyo, ambayo utaratibu wake ulichapishwa mwaka 2011, hukokotolewa kutokana na siri iliyomo katika simu ya mteja na katika kompyuta ya mtoa huduma, pamoja na saa ya wakati huo. Simu haihitaji mtandao. Inahitaji saa sahihi.

Ukokotoaji huo hufanywa na maktaba ndogo ya programu. Mtengenezaji wa mfumo wa duka kwa kawaida haiandiki upya, bali huichukua ikiwa imefungashwa tayari kusakinishwa. Ndani ya kifurushi huwamo maelekezo ya kompyuta, jina, namba ya toleo, leseni na orodha ya programu nyingine zinazotegemewa. Siri za wateja hazipaswi kuwamo kamwe.

Hatari hujificha katika ufungashaji. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili. Kipande kilichouwezesha mlango huo hakikuwamo katika hifadhi ya wazi ya programu. Kilipachikwa ndani ya kifurushi. Freund alishtuka alipoona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa takriban nusu sekunde.

Kinga ya kwanza ni alama ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64, inayothibitisha kuwa kifurushi hakikubadilishwa njiani. Lakini haithibitishi uaminifu wa aliyekifunga. Kwa hiyo kifurushi hulinganishwa pia na hifadhi ya wazi, na toleo jipya hujaribiwa kabla ya kutumika.

Wauzaji wa mitumba wa Mchikichini wanalifahamu hilo: lebo ya robota haitoshi, mpaka lifunguliwe.